Kalamu ya Wino: Anza na Kifuniko

Wengi wakiingia dukani kutafuta kalamu ya wino huulizia nibu kwanza. Ya dhahabu? Karati ngapi? Muuzaji naye huwajibu kwa furaha, maana hapo ndipo penye faida. Mimi ningeanza na kifuniko. Kalamu ya kazi za kila siku haitupwi kwa kuwa nibu yake ni ya chuma. Hutupwa kwa sababu umeifungua Jumatatu asubuhi, mtu kasimama mbele ya meza anasubiri sahihi, nayo haitoi kitu.

Wino wa kalamu hizi ni maji kwa sehemu kubwa, yenye rangi iliyoyeyuka ndani yake. Si ule wa biki, mzito wenye mafuta, unaopakwa na kigololi. Hewa ikipata njia ya kufika kwenye nibu, maji hukauka, rangi hubaki na kuziba ufa mwembamba unaopita katikati ya nibu. Kwa hiyo chungulia ndani ya kifuniko, hata kwa tochi ya simu. Kalamu iliyoundwa vizuri ina kifuniko kingine kidogo humo ndani, kinachoikumbatia nibu na kuifungia hewa. Platinum ya Japani imeongeza springi inayokisukuma hicho kidogo kibane sawasawa, na haikuuweka ufundi huo kwenye kalamu za bei kubwa peke yake: hata Preppy, kalamu yao rahisi ya plastiki, inao. Kwa mtu asiyeandika kila siku, ufundi huo kwangu una thamani kuliko dhahabu.

Wapo waliolishughulikia tatizo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1941 kampuni ya Parker, ya Janesville huko Marekani, ilianza kuuza Parker 51, ambayo karibu nibu nzima imefichwa ndani ya mwili wa kalamu, imebaki ncha tu. Walikuwa wametengeneza wino unaokauka haraka sana kwenye karatasi, na wino wa namna hiyo ungekauka haraka vilevile kwenye nibu iliyo wazi. Kalamu za Hero za Shanghai, kama ile 616, zilifuata umbo hilohilo.

Jambo la pili ni kile kipande cheusi chenye mifereji kilicho chini ya nibu. Nitakiita ulimi. Wino hauwezi kutoka kwenye chombo kilichofungwa bila hewa kuingia kushika nafasi yake, na ulimi ndio unaosimamia mabadilishano hayo: mfereji mwembamba unashusha wino, hewa nayo inapanda. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya ulimi wenye mifereji ya namna hiyo mwaka 1884, na kalamu za leo bado zinafuata msingi huo.

Tazama ulimi kwa karibu utaona mapezi membamba yaliyopangwa sambamba. Si mapambo. Joto la mkono, au la mfuko wa shati jua la Dar es Salaam likiwa kali, huitanua hewa iliyo juu ya wino, nayo huusukuma wino nje. Mapezi huupokea ule uliozidi kabla haujadondokea karatasini. Kadiri wino unavyopungua ndivyo hewa inavyokuwa nyingi, kwa hiyo kalamu iliyokaribia kuisha ndiyo inayochafua zaidi. Ijaze mapema. Ukipanda ndege, iwe imejaa au tupu kabisa, na nibu ielekee juu.

Sasa nibu. Dhahabu ya karati 14 ni dhahabu kwa asilimia 58.5, lakini si hiyo inayogusa karatasi. Nibu nzuri, iwe ya dhahabu au ya chuma, huunganishwa kwenye ncha na chembe ya metali ngumu sana, kwa kuwa dhahabu peke yake ingelika upesi. Dhahabu haishiki kutu. Zaidi ya hapo, chuma cha pua kinakutosha. Cha kuangalia ni upana. Nibu ya Kijapani yenye herufi F, yaani nyembamba, kama za Pilot, kwa kawaida huandika mstari mwembamba kuliko F ya Ulaya. Daftari la kawaida hunywa wino na kuutawanya, kwa hiyo kwenye karatasi hiyo, nibu nyembamba ndiyo salama.

Omba kuijaribu. Shika kalamu kwa ulegevu, usikandamize, uandike namba nane nyingi ndogo ndogo. Ikiruka mwanzoni mwa kila neno kisha ikatoa wino vizuri, kingo za ndani za ule ufa zimesuguliwa kupita kiasi. Irudishe, haitakuja kupona kwa kuizoea. Angalia pia mahali vidole vinapokaa. Lamy Safari, iliyotoka Ujerumani mwaka 1980, ni imara mno, lakini shingo yake imechongwa kuongoza vidole. Anayeshika kalamu kwa namna yake huiona kero.

Swali ambalo wauzaji hulipita haraka ni la kujaza. Katriji, vile vichupa vidogo vya plastiki vinavyouzwa vikiwa na wino, za Lamy, Pilot na Parker haziingiliani, na katriji si kitu utakachokikuta kila steshenari. Nunua kalamu inayokubali kibomba cha kufyonzea, pamoja na chupa ya wino, na hutahangaika tena.

Wino wenyewe uwe umeandikwa kuwa ni wa kalamu hizi. Wino mweusi wa wachoraji wenye gundi ya shelaki ukikaukia kwenye ulimi, umeiua kalamu. Wino wa kawaida nao hufutika ukilowa, kwa hiyo hati ya kuuziana kiwanja isainiwe kwa wino usiofutika kwa maji, wenye chuma au chembechembe za rangi ndani yake, uliotengenezwa kwa kalamu hizi. Wino huo haupendi kusahauliwa ndani: ioshe kalamu mara kwa mara kwa maji ya baridi hadi yatoke meupe, wala usitumie ya moto, yanapinda plastiki.