Jiko la Nyuma ya Nyumba Kubwa

Anayetaka kujua matajiri wa Virginia walikula nini katika karne ya 18 ana pa kuanzia: barua, hesabu za madukani, vitabu vya mapishi. Habari za aliyekipika chakula hicho ni haba mno. Wapishi wengi walikuwa watumwa walionyimwa elimu ya kuandika, na mara nyingi jina la mpishi hupatikana kwenye orodha ya mirathi tu, limewekwa pamoja na masufuria na ng'ombe, bei yake pembeni. Pengo hilo ndilo analolihangaikia Michael Twitty, Mmarekani Mweusi, mtafiti wa historia ya chakula na mwandishi wa The Cooking Gene (2017). Huvaa mavazi ya enzi zile akapika kwa kuni katika majiko ya kale, yakiwemo ya Williamsburg, mji wa makumbusho uliokuwa mji mkuu wa koloni la Virginia tangu 1699.

Wapo wanaoyaita hayo maigizo. Mimi nayaona ni utafiti kamili, kwa sababu kitabu cha mapishi hakisemi kazi ilimgharimu nini mpishi. Chungu cha chuma kizito huwekewa makaa chini na juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina unavyopaliwa moto. Ni mpaka mtu apike mwenyewe ndipo ajue ni mara ngapi atainama motoni, na kwa nini mlo wa mchana ulimwamsha mpishi alfajiri. Wanaakiolojia nao wamefukua mashimo chini ya sakafu za vibanda vya watumwa, wakakuta mifupa ya samaki na mbegu. Ukiyaweka hayo kando ya posho yao ya mahindi na nyama kidogo ya chumvi, unaona kwamba watu hawa walijitafutia kitoweo baada ya kazi ya bwana. Kunde na bamia walizopika asili yake ni Afrika.

Wengine husema uchungu wa utumwa hauigiziki, kwani jioni mwigizaji anarudi kwake. Ni kweli kabisa. Kinachopimwa jikoni ni kazi na ujuzi, si hofu ya kuuzwa. Ndiyo maana igizo la mnada wa watumwa lililofanywa Williamsburg mwaka 1994 lilizua maandamano, na waandamanaji walikuwa na sababu ya kuogopa msiba wao ugeuzwe burudani. Hata hivyo, kunyamaza kulikwisha kujaribiwa: mji huo ulianza kukarabatiwa 1926 kwa fedha za tajiri Rockefeller, lakini programu ya kueleza maisha ya Weusi, waliokuwa takriban nusu ya wakazi, ilisubiri hadi 1979.