Kumbukumbu za Kikundi Ziko Kwenye Simu ya Katibu? Toa Nakala Mapema

Makatibu wengi wa vyama, vikundi vya akina mama, wanabodaboda na kamati za maji siku hizi huandika kumbukumbu za mikutano kwenye simu. Majina ya waliohudhuria, michango, mikopo na faini, yote yamo humo. Ni njia rahisi, na maandishi hayaloi mvua inaponyesha.

Hata hivyo, daftari lilikuwa na faida moja: muhula wa katibu ukiisha, alilikabidhi kwa mwenzake. Simu ni mali ya mtu binafsi, na maandishi yaliyomo yamo kwenye akaunti yake. Simu ikiibwa, ikiharibika au katibu akihama, kikundi kinaweza kukosa namna ya kuthibitisha nani alilipa na nani bado anadaiwa.

Dawa yake ni kutoa nakala ya maandishi kutoka kwenye programu na kuiweka mahali ambapo wanachama wengine wanaweza kuifikia. Kazi hii haihitaji fundi wala malipo yoyote kwa programu yenyewe. Unahitaji simu, bando kidogo na subira.

Jua kwanza maandishi yako yako wapi

Simu nyingi za Android hutumia Google Keep, programu ya Google ya kuandika madokezo, yaani maandishi mafupi. Madokezo ya Keep huhifadhiwa kwenye akaunti ya Google ya mwenye simu. Simu ikipotea, unaweza kuyafungua kwenye simu nyingine ukitumia anwani ileile ya barua pepe na nenosiri lilelile.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kuna watu ambao akaunti zao zilifunguliwa na muuzaji dukani siku waliponunua simu, na hawajui anwani wala nenosiri. Ikiwa wewe ni mmoja wao, fungua mipangilio ya simu leo, uangalie anwani iliyopo, uweke nenosiri unalolijua na nambari ya simu unayoitumia sasa.

Kwenye simu za Samsung, wengine hutumia Samsung Notes. Madokezo yake yanaweza kubaki ndani ya simu peke yake ikiwa hujaruhusu yahifadhiwe pia kwenye akaunti. Simu ya namna hiyo ikipotea, maandishi yamepotea nayo.

Njia ya kwanza: dokezo moja

Ukitaka kutuma kumbukumbu za mkutano mmoja, fungua dokezo hilo kwenye Keep, gonga vidoti vitatu, kisha "Send". Chagua kutuma kupitia programu nyingine, halafu uchague WhatsApp au barua pepe. Maandishi yatamfikia mwenyekiti au mweka hazina kama ujumbe wa kawaida.

Kwenye Samsung Notes, fungua dokezo, gonga vidoti vitatu, kisha uchague kulihifadhi kama faili. Utaulizwa aina ya faili. Chagua PDF ikiwa unataka kuchapisha au kutunza, au Word ikiwa kuna mtu atakayeendelea kuhariri.

Njia ya pili: mikutano kadhaa kwa pamoja

Njia hii inamfaa katibu anayetayarisha ripoti ya mwaka. Kwenye Keep, bonyeza dokezo moja na ushikilie hadi lionekane limechaguliwa, kisha gusa mengine unayoyataka. Gonga vidoti vitatu na uchague "Copy to Google Docs". Madokezo yote uliyochagua yataingia kwenye hati moja.

Fungua hati hiyo kwenye Google Docs, panga tarehe zifuatane, kisha uihifadhi kama Word au PDF. Sasa una faili unayoweza kuituma, kuiweka kwenye flashi au kuipeleka saiba ikachapishwe.

Njia ya tatu: madokezo yote

Katibu anayeng'atuka, au mtu anayebadilisha simu au programu, anahitaji kila kitu. Google ina huduma inayoitwa Takeout kwa kazi hiyo. Fuata hatua hizi:

1. Kwenye kivinjari cha simu au kompyuta, fungua takeout.google.com na uingie kwa akaunti yako.
2. Gonga "Deselect all" ili kuondoa alama kwenye huduma zote. Ukiruka hatua hii, utaletewa pia picha, video na barua pepe zako, na bando litaisha.
3. Tafuta Keep kwenye orodha na uiwekee alama peke yake, kisha uendelee.
4. Chagua kupokea kiungo kwa barua pepe, na faili ya aina ya zip. Thibitisha.
5. Subiri barua pepe. Inaweza kuja baada ya dakika chache au ikachukua muda mrefu zaidi. Pakua faili mara unapoipata, kwa kuwa kiungo hufanya kazi kwa takriban siku 7.

Ukifungua faili hiyo ya zip, utakuta kila dokezo lina faili mbili. Ile ya HTML hufunguka kwenye kivinjari chochote na kusomeka kama kawaida. Ile ya JSON ni ya kusomwa na programu nyingine, kwa hivyo usiifute ikiwa unapanga kuhamia programu mpya. Kutoa nakala hakufuti madokezo yaliyo kwenye simu.

Kushiriki si sawa na kutoa nakala

Keep humruhusu katibu kumwongeza mwenzake kwenye dokezo ili wote walione. Hilo linasaidia, lakini mwenye dokezo akilifuta, wengine nao hawalioni tena. Dokezo lililofutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 7 tu. Vilevile, Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijatumika kwa miaka 2. Ni faili iliyotolewa na kuhifadhiwa kwingine pekee ndiyo isiyotegemea akaunti ya katibu.

Tunza siri za wanachama

Kumbukumbu za kikundi zina majina, nambari za simu, nambari za vitambulisho na madeni ya watu. Kabla ya kutuma faili kwenye kundi la WhatsApp, jiulize ikiwa kila aliyemo anastahili kuiona. Ukitumia kompyuta ya saiba, futa faili uliyopakua na uondoke kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka. PIN ya M-Pesa na nenosiri lolote visiandikwe kamwe kwenye madokezo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa hizi. Kifungu cha 38 cha sheria hiyo pia kinampa kila mtu haki ya kupewa data yake binafsi katika muundo unaotumika sana na unaosomeka kwa mashine, ili aweze kuihamishia kwingine. Kwa hivyo, kuomba maandishi yako kutoka kwa kampuni si kuomba hisani.

La kufanya kabla ya mkutano ujao

Kikundi chako kinaweza kukubaliana mambo manne na kuyaingiza kwenye kumbukumbu:

- Katibu atatoa nakala kila mwisho wa mwezi.
- Jina la faili litakuwa na jina la kikundi na tarehe.
- Nakala zitakaa sehemu mbili, kwa mfano kwa mwenyekiti na kwenye flashi ya mweka hazina, na kurasa za michango na mikopo zichapishwe.
- Mtu mwingine asiye katibu atafungua faili kwenye simu yake na kuhakikisha inasomeka, na kwamba jumla ya michango inalingana na kitabu cha mweka hazina.

Hatua hii ya mwisho isirukwe. Kasoro ikionekana leo, katibu bado anayo simu yake na anaweza kuirekebisha.