ROBOTI ZA MASHINDANO: PARSHOKI IWE LAZIMA?



Roboti ni mashini inayofuata amri ilizoandikiwa. Wakongomani wengi wamesikia zile za Kinshasa, zilizowekwa njiani tangu 2013 kwa kuongoza motokari, kazi ya injinia Thérèse Izay na wenzake. Lakini kuna nyingine, zinazotengenezwa na wanafunzi kwa kushindana uwanjani. Katika mashindano ya FIRST, yaliyoanza Marekani mwaka 1992, roboti kubwa zinasukumana na kugongana. Tangu 2008 roboti za daraja hilo zinalazimishwa kuvaa parshoki: ubao, juu yake povu laini, kisha kitambaa kigumu, chekundu ao cha buluu, kwa kutambulisha upande wake.

Juu ya nini lazima? Tufanye hesabu kidogo. Roboti ya kilo 60 inayokimbia metri 4 kwa sekunde inabeba juli 480. Ikigonga ukuta, chuma kitupu, na kusimama katika sentimetri 1 tu, msukumo wa wastani ni nyutoni 48.000. Parshoki ikibonyea na kuisimamisha katika sentimetri 5, msukumo unashuka mpaka nyutoni 9.600. Umepungua mara tano! Ndiyo maana mashua nazo zinatundikwa matairi ya zamani ubavuni.

Wengine wanasema: parshoki ni uzito na ni gharama, anayetaka avae, asiyetaka aache. Sisi tunajibu hivi: parshoki yangu haikingi roboti yangu peke yake, inakinga na yako. Pembe ya chuma ya mmoja inaweza kupasua waya za mwenzake aliyejikaza kutengeneza vizuri. Hata katika mpira wa miguu, mwamuzi haruhusu mchezaji kuvaa kitu cha kuumiza wengine. Hamwachii kila mtu achague.

Tena tufikiri nani anayeumia zaidi. Shule tajiri ikivunjikiwa moteri, inafungua karatoni na kutoa nyingine. Shule za huku kwetu, Salamabila ao Kasongo, moteri moja ikiharibika, itaagizwa mbali, na kundi litarudi nyumbani mikono mitupu. Kanuni hii inamsaidia hasa asiye na akiba.

Lakini tusizidishe. Daraja ya FIRST ya roboti nyepesi hailazimishi parshoki. Na pale kila roboti inapofanya kazi yake peke yake mezani, itamgonga nani?

Basi maoni yetu ni haya: roboti zikiwa nzito na zinagongana, parshoki iwe lazima, zikiwa nyepesi ao hazikutani, iwe hiari. Tena kanuni ipime ugumu na unene, isidai kitu cha dukani. Sapatu za zamani, sponji ya godoro, mpira wa ndani wa gurudumu, vyote vinabonyea.

Na ninyi mwaonaje? Asiyekubali alete hesabu yake, tutaisoma.