Nyama ya Nguruwe ya Moto Mdogo kwa Wageni Wengi

Katika vipindi vilivyotangulia tumezungumza habari za banda la nguruwe na chakula chake. Leo tunaingia jikoni. Najua wapo watakaouliza: bwana mifugo na sufuria, wapi na wapi? Subirini kidogo, mtaona.

Miaka michache iliyopita nilialikwa na mfugaji mmoja kwenye sherehe ya ubarikio wa mtoto wake. Nguruwe alichinjwa asubuhi hiyo hiyo. Wageni waliporudi kutoka kanisani nyama ilikuwa bado juu ya moto mkali, na njaa haina subira. Ikaanza kukatwa. Nje ilikuwa nyeusi, ndani inachuruzika damu. Mimi nilishika kipande changu, nikaona haya kumwambia mwenyeji mbele za watu, nikakiweka pembeni na kunyamaza. Wenzangu wakala, watoto pia wakala. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo. Basi maneno niliyoshindwa kuyasema siku ile nayasema sasa.

Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha watu hupata mayai ya mnyoo uitwao tegu. Mayai hayo huanguliwa tumboni mwake, na watoto wa mnyoo husafiri mpaka kwenye nyama. Humo hukaa kama malengelenge madogo meupe, ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu hukua tumboni mwake na kufikia urefu wa mita kadhaa. Huenda asisikie maumivu yoyote, lakini akienda haja anaweza kutoa mayai.

Hapo sikilizeni vizuri. Mtu mwenye tegu asiponawa mikono, au akijisaidia vichakani, mayai huingia kwenye maji, kwenye mboga na kwenye chakula cha nyumbani. Anayeyameza, hata kama hajawahi kuonja nguruwe maishani mwake, malengelenge yanaweza kumwota ubongoni. Ndipo huja maumivu makali ya kichwa na kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye ugonjwa huu, karibu watu 3 kati ya kila 10 wenye kifafa wamekipata kwa njia hiyo. Hapa kwetu watafiti wameukuta ugonjwa huu kwa nguruwe wa Mbulu, Mbozi na Mbeya. Kwa hiyo, ndugu zangu, si kila kifafa kinatokana na tegu, lakini mtoto akianguka kifafa msikimbilie kusema amerogwa. Mpelekeni hospitali.

Sasa basi, tuache kula nguruwe? Hapana. Tuipike mpaka iive. Na katika shughuli yenye watu wengi, upishi ulio rahisi kuliko wote ndio huo huo ulio salama kuliko wote: nyama ya viungo, ndani ya sufuria yenye kifuniko, juu ya moto mdogo kwa masaa 3 au 4. Mama wa nyumba hasimami kugeuza mishikaki moshi ukimwingia machoni. Anabandika mapema, anaendelea na kazi nyingine, na wageni wakifika chakula kiko tayari.

Kwanza chagua nyama. Usitafute steki. Steki ikikaa sana motoni hukauka. Chukua bega, shingo au mguu wa mbele pamoja na mifupa yake. Hizo ni sehemu zenye kano na ngozi ngumu ngumu, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Ukizikaanga haraka utatafuna mpaka taya ziume, lakini moto mdogo wa muda mrefu huzigeuza zile kano kuwa ute laini, na mchuzi ukawa mzito wenyewe.

Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Ukichinja nyumbani, mwite mkaguzi kabla ya kukata nyama. Wengine hutazama ulimi wa nguruwe akiwa hai, wakipapasa vinundu chini yake. Ni desturi nzuri, ila ulimi safi si uthibitisho kwamba nyama yote ni safi. Na ukiona malengelenge kwenye nyama, usiuze, usile, usiwape mbwa. Msikilize mkaguzi atakavyokuelekeza kuiteketeza.

Kwa watu 20 watakaokula na ugali, ndizi au wali, kilo 5 za nyama na mifupa yake zinatosha. Andaa vitunguu maji 6, vitunguu saumu vichwa 2, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba mara mbili, nyanya mbivu 10, ndimu 4 na chumvi vijiko vikubwa 3. Viungo vikavu ni bizari nyembamba kijiko kikubwa kimoja, giligilani iliyosagwa kijiko kikubwa kimoja, pilipili manga vijiko vidogo 2, manjano kijiko kidogo kimoja, mdalasini kijiti kimoja, iliki punje 6 na karafuu punje 5. Usizidishe karafuu, itameza ladha ya vingine vyote. Kama huna vyote, tangawizi, vitunguu saumu na pilipili manga peke yake vinafanya kazi nzuri.

Usiku wa kuamkia shughuli, kata nyama vipande vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Twanga vitunguu saumu na tangawizi kwenye kinu, changanya na chumvi, ndimu na viungo vilivyosagwa, kisha paka kila kipande. Funika, weka mahali penye baridi. Kama huna friji na kwenu ni joto, fanya kazi hii alfajiri ya siku yenyewe.

Asubuhi bandika sufuria nzito. Tanguliza vipande vyenye mafuta pamoja na nusu kikombe cha maji. Maji yakikauka, nguruwe atakuwa ametoa mafuta yake mwenyewe, huna haja ya kununua mengine. Geuza vipande vipate rangi ya kahawia, kisha tia vitunguu maji. Vikilainika tia nyanya, mdalasini, iliki na karafuu. Ingiza nyama yote iliyobaki, ongeza maji ya moto mpaka yafike nusu ya kimo cha nyama, na funika.

Acha ichemke kwa nguvu kwanza, kama robo saa. Halafu punguza moto. Kama ni mafiga, vuta kuni nje zibaki mbili. Kama ni jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu kidogo. Mchuzi uwe unatokota polepole wakati wote. Moto mdogo si moto uliozimika: usipoona mapovu, chochea. Kila nusu saa funua, geuza, na maji yakipungua ongeza ya moto, si ya baridi. Wenzetu wa nyanda za juu wajue kwamba kwao maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo nyama huchelewa kuiva kuliko pwani. Ongezeni muda.

Utajuaje imeiva? Usitazame saa tu. Toa kipande kikubwa kuliko vyote, kikate katikati. Kusiwe na wekundu, maji yake yasiwe na damu, na nyama iachane na mfupa bila kushindana. Malengelenge ya tegu hufa joto la katikati ya kipande likifika nyuzi 80, na nyama iliyotokota namna hii imevuka hapo.

Wapo wanaosema ndimu inaua minyoo, au pilipili, au kwamba ukishushia na pombe huna wasiwasi. Jamani, si kweli. Viungo ni vya ladha. Kinachoua tegu ni moto.

Mambo mawili kabla sijaaga. Kama kati ya wageni wako wamo wasiokula nguruwe, wapikie chakula chao kwenye sufuria nyingine, kwa kisu na mwiko mwingine, mbali kidogo. Hiyo ni heshima, na ndiyo itakayowarudisha kwako mwakani.

La pili ni makombo. Nyama iliyobaki isikae nje zaidi ya masaa 2, na ukiipasha ichemke tena. Mifupa na mabaki ya nyama ya nguruwe usiwatupie nguruwe wako bandani. Homa ya nguruwe, ile isiyo na tiba na inayomaliza zizi zima, husafiri ndani ya nyama. Fukia mabaki. Maji yaliyosafishia nyama mbichi nayo yasimwagwe karibu na banda.

Na siku hiyo ya wageni, weka ndoo ya maji na sabuni karibu na choo. Nguruwe wawe bandani, watu watumie choo, mikono inawiwe. Ukifanya hayo pamoja na moto wako wa masaa 3, umemfungia tegu njia zake.

Mwenyeji mwema hawaharakishi wageni, na nyama vile vile haiharakishwi. Wakija mapema wape chai na mihogo, wasubiri. Nawe mgeni, ukipewa kipande chenye damu, usione haya kama nilivyoona mimi. Sema kwa upole: "Mama, naomba kirudi motoni kidogo."

Hadi kipindi kijacho, nawatakia ufugaji mwema. Kwaherini.