Uoshaji na utunzaji wa rangi ya gari

Uoshaji wa gari ni kazi ya kuondoa vumbi, matope, mafuta na uchafu mwingine kwenye bodi ya gari bila kuharibu rangi yake. Rangi ya gari si pambo tu, kwa kuwa ndiyo inayozuia maji na hewa kufikia chuma na kuleta kutu. Katika maeneo yenye barabara nyingi za udongo na changarawe, kama kata ya Busawe katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, na vijiji vya wilaya jirani ya Tarime, gari huchafuka kila siku. Hapo kuosha vibaya kunaweza kuharibu rangi kuliko safari yenyewe.

Tabaka za rangi

Chuma cha gari la kisasa hupakwa kwanza tabaka za kuzuia kutu (praima), halafu rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu isiyo na rangi. Vanishi hiyo ilienea viwandani hasa katika miaka ya 1980. Magari ya zamani zaidi yalikuwa mara nyingi na rangi bila vanishi, ndiyo maana yakisuguliwa kwa polishi kitambaa hubadilika rangi.

Unene wa tabaka zote pamoja ni takriban maikromita 100 hadi 150. Vanishi peke yake ni kama maikromita 40 hadi 50, yaani nyembamba kuliko unywele wa kawaida wa binadamu. Polishi yenye chembe za kusugulia hung'arisha kwa kupunguza vanishi hiyo, si kwa kuongeza kitu. Jambo hilo lafaa kukumbukwa Tanzania, ambako magari mengi huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani: mnunuzi hajui gari lake limeshasuguliwa mara ngapi.

Vumbi, jua na kinyesi cha ndege

Vumbi la barabarani huwa na chembe za kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika skeli ya Mohs, magumu kuliko vanishi yoyote ya gari. Vumbi likitulia juu ya boneti halina madhara makubwa. Madhara huanza mtu anapolipangusa kwa tambara kavu, kama wanavyofanya madereva wengi wa michomoko wakati wa kusubiri abiria. Kila mpanguso huacha mikwaruzo myembamba, nayo huonekana juani kama utando wa buibui, hasa kwenye gari jeusi.

Eneo hili liko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo mionzi ya urujuanimno ni mikali. Mionzi hiyo huvunja kemikali za vanishi. Paa na boneti hupauka kwanza, kisha vanishi huanza kubanduka. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki na kikikauka juani huacha alama ya kudumu. Kisikwanguliwe. Kifunikwe kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika chache, kisha kiinuliwe taratibu.

Namna ya kuosha

Gari huoshwa kivulini, bodi ikiwa imepoa, kwa sababu juani sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa. Hatua ya kwanza, ambayo wengi huiruka, ni kumwagia maji matupu kuanzia paani ili vumbi lishuke kabla ya kuguswa na kitambaa. Mashine ya presha ikitumika, isisogezwe karibu na mahali rangi ilipochubuka, maana hupenya chini yake na kuibandua.

Kisha hutumika ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kwa ndoo moja tu, mchanga uliotoka mlangoni hurudi boneti. Huoshwa kutoka juu kwenda chini. Magurudumu na madigadi huwa na kitambaa chao. Mwishowe gari husuuzwa na kukaushwa kwa kitambaa laini cha mikrofaiba. Kwa mwenye subira, ndoo chache za lita 20 na kopo la kumwagia hutosha kwa gari dogo.

Shampuu ya magari ndiyo bora. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi yanayoondoa nta yote. Wapo pia wanaopangusa bodi kwa mafuta ya taa au dizeli ili ing'ae. Mng'ao huo ni wa saa chache, huvuta vumbi na huharibu mipira ya milango.

Kuosha mtoni

Kuingiza gari mtoni ni njia rahisi kwa mwenye gari, lakini mafuta na sabuni huwafikia wanaochota maji na kunywesha mifugo chini zaidi. Mto Mara hutoka milima ya Mau nchini Kenya, hupita Serengeti na kuishia Ziwa Viktoria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Ndoo nne zilizobebwa hadi uwanjani ni kazi, ila hazimchafulii mtu maji.

Nta na viraka

Baada ya kuosha, nta hupakwa ili maji yateleze na uchafu usishike. Nta nyingi za magari zina kanauba, inayotokana na majani ya mchikichi wa Brazili. Nta ya nyuki peke yake huyeyuka kwenye sentigredi 62 hadi 64, joto ambalo bati jeusi lililoanikwa juani linaweza kulipita. Kanauba huvumilia hadi zaidi ya 80. Matone ya maji yasipojikusanya tena juu ya bodi, nta imekwisha. Mipako ya kauri yenye silika hudumu muda mrefu zaidi, lakini haizuii jiwe.

Mahali palipopigwa na kokoto hadi chuma kuonekana panatakiwa kusafishwa na kupakwa praima na rangi kabla ya masika. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbuga hunata ndani ya madigadi na kushika unyevu kwa siku nyingi, na kutu huanzia humo ndani, ambako mwenye gari haoni.