Chakula kipo, mtoto anadumaa

Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulitoa hesabu inayouma: katika Kaunti ya Kilifi, watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi kwa umri wao. Kwa Kenya nzima walikuwa 18. Na hapa Bofa, pembeni mwa mji wa Kilifi, bahari ina samaki, minazi imesimama, muhogo na mbaazi hulimwa bara yake. Basi chakula kinapotelea wapi?

Umaskini ni sehemu ya jibu, tusiufiche. Changu na nguru huuzwa ili unga upatikane, na mvua ikikosa, shamba halitoi kitu. Lakini sehemu nyingine iko jikoni. Mtoto akifika miezi sita huanzishiwa uji wa mahindi mtupu, mwepesi, wenye sukari. Tumbo lake ni dogo, na likishajaa maji ya uji halina tena nafasi ya kitu kingine.

Tazama mbaazi za nazi. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, kijenzi ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Mbaazi inayo kwa wingi. Sima na mbaazi zikikutana hukamilishana, na tui huongeza nguvu ambayo tumbo dogo linaihitaji sana. Mboga za majani nazo, mchicha au mchunga, zina asili ya vitamini A, ila mwili huifyonza vizuri ikiwa kuna mafuta. Kwa hiyo tui kwenye mchicha si anasa. Ukikamulia ndimu, madini ya chuma yaliyomo kwenye majani yanafyonzwa zaidi. Ukishushia chai papo hapo, yanazuiliwa. Chai na isubiri. (Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa hasa, kwa kuwa jani bichi la muhogo lina sumu.)

Hakuna lolote kati ya haya linalodai duka la mjini. Yanadai kupanga: mbaazi zilowekwe tangu usiku, dagaa wakavu wasagwe na kijiko kiingie kwenye uji, fungu la mtoto litengwe kabla ya pilipili, kisha lipondwe kwa tui zito. Kazi hiyo ni nzito kwa mama anayeteka maji mbali na kutafuta kuni, na baba anayekuna nazi jioni anamlisha mwanawe sawasawa na anayeleta unga.

Kuna jambo dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: sinia. Kula pamoja ni heshima yetu, lakini mtoto wa mwaka mmoja hula polepole, na kaka zake hawamsubiri. Mboga na samaki huisha yeye angali na tonge la kwanza. Apewe kibakuli chake, akae papo hapo na wenzake. Mama ataona amekula kiasi gani, na kilichobaki kinamwambia kama amshawishi tena au amwongeze ziwa.