Je, Wajua? Kompyuta hukumbuka ulichonakili

Kunakili na kubandika tunakokujua leo kulibuniwa miaka ya 1970 na Larry Tesler na Tim Mott, katika maabara ya Xerox PARC huko California. Zamani ukinakili kitu kipya, cha awali kilifutika. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na V, uwashe historia ya kunakili. Tangu hapo, vitufe hivyohivyo vitakuonyesha hadi vitu 25 ulivyonakili karibuni: namba ya kitambulisho, anwani, barua pepe. Anayejaza fomu ndefu mtandaoni atashukuru sana! Ila kwenye kompyuta ya intaneti kafe, tafadhali, usinakili nywila. Atakayeketi baada yako anaweza kuikuta humo. Kama umeshanakili, futa orodha yote kabla hujainuka.